Bi Siwatu na Tuta la Viwavi

Paukwa!

Pakawa.

Mnaitika kama watu ambao hawajala. Hebu tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Sogeeni karibu, na wewe wa kule nyuma acha kuchokonoa mkeka wa watu. Zamani za mababu wa mababu zetu palikuwa na kijiji. Jina lake limesahaulika, na mimi sitawabunia jina, maana mtakwenda kuniuliza njia ya kufika.

Kijiji hicho kilisifika kwa mambo mawili. La kwanza ni matembele. Yale majani ya viazi vitamu, ukiyaunga kwa nazi unasahau kabisa kwamba leo hakuna samaki. La pili ni vibuyu. Kila nyumba ilikuwa na wigo, na juu ya kila wigo umetambaa mmumunye. Mumunye changa lilipikwa. Mumunye lililokomaa liliachwa likauke, likatolewa mbegu, likawa kibuyu cha maji. Watu walitoka mbali, chumvi kichwani, wakaja kubadilishana na vibuyu vya kijiji kile.

Na palikuwa na ada. Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo penye mambo. Binti hakuolewa bila kibuyu kipya. Siku ya harusi, bwana na bibi walikunywa maji ya kibuyu kimoja, na kibuyu hicho kiwe kimezaliwa mwaka huohuo, juu ya wigo wa kwao bibi harusi. Si cha jirani. Si cha kuazima. Si cha mwaka jana. Hakuna kibuyu, hakuna harusi, kila mtu arudi kwao.

Sasa, katika kijiji hicho aliishi bibi mmoja jina lake Siwatu. Bi Siwatu alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa kijiji walipokewa na mikono yake. Hata Jumbe wao, Mwinyikondo, mwenye sauti nene na kilemba kikubwa, alipokewa na Bi Siwatu. Kwa hiyo Jumbe alipopandisha sauti mbele yake, bibi alimtazama tu, na Jumbe akaishusha sauti yake mwenyewe bila kuambiwa.

Mwaka mmoja mvua zilinyesha sana. Majani yakajaa, na viwavi nao wakajaa. Si wale viwavi wembamba wa kuwasha. Hawa walikuwa wanene kama kidole gumba, na kila mmoja ana kijipembe mkiani. Walipenda matembele kuliko nyinyi mnavyoyapenda. Walikula asubuhi, walikula mchana. Karu, karu, karu.

Jumbe Mwinyikondo aliamka siku moja akaenda shambani kwake. Matembele yake ndiyo yalikuwa bora kijiji kizima. Alikuta vijiti. Akarudi nyumbani mbio, kilemba mkononi, akaipiga ngoma ya wito. Ti-ndi, ti-ndi, ti-ndi.

"Jamani," alisema, "tumevamiwa. Kuanzia leo ni vita. Nisione kiwavi hai kijijini."

Basi vita vikaanza. Watu walitoka mapema, vikapu mikononi, wakipita tuta kwa tuta huku wanaimba. Nami nikiimba, mniitikie.

Kiwavi, tumekuona!
Tumekuona!
Jani hukulipanda!
Hukulipanda!
Kijipembe hakitakufaa!
Hakitakufaa!

Mnaimba vibaya, lakini tuendelee. Waliwaokota, wakawaponda. Wengine waliwatwanga kwenye vinu, na vinu hivyohivyo wakaja kutwangia mpunga, mimi simo. Na hawakuishia hapo. Walijua kwamba kiwavi yule akikua huchimba chini, akajifukia udongoni, na akitoka ni kipepeo mkubwa wa jioni, yule mnene mwenye rangi ya majivu, tunayemwita nondo. Basi kila jua likizama, kila nyumba ilichoma makumbi ya nazi kuwafukuza nondo. Kijiji kizima kilikuwa moshi. Watu walikula chakula cha jioni wanakohoa, kho, kho, kho, na kila aliyekohoa alijiona askari.

Bi Siwatu alijikongoja mpaka barazani kwa Jumbe.

"Mwanangu Mwinyikondo, wapunguze hao viwavi. Usiwamalize."

"Kwa nini, Bibi? Wana kazi gani?"

"Sijui."

Watu waliokuwa barazani wakacheka. Jumbe naye akacheka.

"Hujui, Bibi?"

"Sijui, mwanangu. Mimi nilizaliwa nikawakuta. Mama yangu naye alizaliwa akawakuta. Mtu niliyemkuta nyumbani mimi siwezi kumfukuza mpaka amalizike."

"Basi wachukue wewe," alisema Jumbe. "Ukae nao, uwalishe."

"Nileteeni," alisema Bi Siwatu. Akaondoka zake.

Walidhani ni mzaha, wakampelekea kwa mzaha. Kesho yake watu wenye vikapu walipita nyuma ya nyumba yake wakawamwaga. "Haya, Bibi, wanao hawa." Bibi akawapokea. Alikuwa amekwisha kuinua tuta refu, amelipanda marando ya viazi, na mboga ile hakuchuma hata jani. Pembeni ya tuta aliacha magugu yake na udongo wake bila kuulima, ili anayetaka kujifukia ajifukie. Wala jioni hakuwasha makumbi. Nyumba yake peke yake haikuwa na moshi.

Alitaniwa mpaka basi. Mtu akipita anakwenda kisimani lazima apaze sauti.

"Bi Siwatu, wanao wameshiba?"

"Wameshiba. Wanakusalimu."

Basi vita vilikwisha, na kijiji kilishinda. Ukizunguka mashamba yote hukuona kiwavi. Matembele yalikuwa mazito, ya kijani, jani halina hata tundu. Jumbe alichinja mbuzi. Ngoma ilipigwa, na mama mmoja aliyeitwa Binti Kitwana akapewa kanga mpya kwa kuwa ndiye aliyeponda viwavi wengi kuliko wote. Aliivaa kila siku mpaka ikapauka.

Kisha ukafika msimu wa mimumunye kuchanua.

Mmumunye una tabia yake. Maua yake ni meupe, na hayafunguki asubuhi kama maua mengine. Yanangoja jua lizame. Jua likizama yanafunguka, na kesho yake yamekunjamana. Nyuma ya baadhi ya maua kuna kijimumunye kidogo kama kidole cha mtoto. Ua likishika, kijimumunye kinanenepa. Lisiposhika, kinageuka njano, kinasinyaa, kinaanguka.

Mwaka ule yalifunguka mengi, wigo ukawa mweupe kwa maua. Asubuhi, pu. Yakafunguka mengine. Asubuhi, pu. Mengine tena. Pu, pu, pu. Ukipita chini ya wigo wa watu ulikanyaga vijimumunye vya njano.

Watu walimwagilia maji. Hapana. Wakatia majivu. Hapana. Wakafunga vitambaa vyekundu kwenye shina. Pu.

Sasa huyu Jumbe alikuwa na binti, jina lake Mashavu, ndiye pekee aliyebaki nyumbani. Mashavu alikuwa amechumbiwa na kijana aitwaye Mbwana, wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Na Mashavu alimpenda Mbwana, nasema waziwazi, alimpenda hata akisikia mtu wa ng'ambo anapiga chafya alitoka nje kutazama. Lakini mama yake Mbwana alikuwa mwanamke wa haraka. Alituma mjumbe.

"Mama anauliza, kibuyu kimefikia wapi?"

"Kinakuja," alisema Jumbe.

Mjumbe akarudi tena.

"Mama anasema, msimu ukiisha bila kibuyu yeye hangoji mwaka mwingine. Kuna binti mwingine amemwona, na kwao vibuyu vipo."

Mashavu alisikia maneno hayo akiwa jikoni. Akaacha mwiko ndani ya chungu, akatoka, akasimama mbele ya mmumunye wao. "Shika basi," aliuambia. "Hata kimoja. Hata kibaya." Alilia pale mpaka wali ukaungua.

Ndipo zikaja habari. Mtu alipita kwa Bi Siwatu akaona wigo wake umeinama kwa uzito. Mamumunye kulia, mamumunye kushoto. Makubwa, madogo, yenye shingo, yasiyo na shingo. Kijiji kizima hakina, yeye anayo.

"Ametuibia," mmoja akasema.

"Ameyaita kwa dawa," mwingine akasema. "Wale viwavi si bure."

Jumbe Mwinyikondo akaondoka na wanaume wake, na Mashavu akafuata nyuma. Wakafika. Hodi, hodi. Karibuni. Bi Siwatu alikuwa amekaa chini anachambua mchele, hakusimama.

"Bibi," Jumbe alianza kwa sauti nene, "umevifanya nini vibuyu vyetu?"

Bibi akamtazama. Jumbe akashusha sauti.

"Nauliza tu, Bibi."

"Mwinyikondo, nilikupokea ukiwa mtupu, unapiga kelele. Leo una kilemba, na bado unanipigia kelele. Mimi nimepanda mmumunye, nikaumwagilia. Zaidi ya hapo sijafanya kitu."

"Basi tupe kimoja, kwa ajili ya Mashavu."

"Chukueni hata yote. Lakini mumunye langu limezaliwa kwako?"

Jumbe ada aliijua, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye aliyewasimamia wengine waifuate. Aliwahi kumrudisha nyumbani binti wa watu kwa sababu ya kibuyu cha kuazima. Akaaga, wakaondoka.

Mashavu hakuondoka. Alikaa chini karibu na ungo.

"Bibi, kwa nini kwako yanashika?"

"Sijui, mjukuu wangu."

"Kila kitu hujui."

"Vingi sijui. Kaa, tutazame wote."

Wakakaa. Jua likashuka. Kule kijijini makumbi yakawashwa na watu wakaanza kukohoa. Hapa hewa ilikuwa safi. Ua la kwanza likafunguka, la pili likafunguka. Mashavu akatazama mpaka macho yakamuuma. Mara akasikia, vrrrrr.

Nondo. Mnene, rangi ya majivu. Hakutua. Alisimama hewani mbele ya ua, akakunjua mrija mrefu kutoka mdomoni, akauzamisha mpaka ndani kabisa. Alipotoka uso wake ulikuwa na unga wa ua. Akaenda ua la pili, akaupaka huko. La tatu. Mwingine akaja, vrrrrr. Na mwingine tena.

Mashavu akamshika bibi mkono.

"Bibi, huyo si yule kiwavi wa matembele?"

"Ndiye huyo, amekua."

"Kumbe ndiye anayeyashikisha."

Bi Siwatu alitazama wale nondo, akautazama wigo wake ulioinama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kaniki. "Umri wangu wote huu," alisema, "kibuyu nilichonywea harusini kwangu waliniletea hawa, na sikuwaambia hata asante."

Mashavu akainuka palepale. "Nitawaita waje kwetu."

"Watafikaje? Kwenu ni mwisho wa kijiji. Kutoka hapa mpaka kwenu kila nyumba ina moshi. Baba yako peke yake akizima, ni kazi bure. Lazima wazime wote, na kila mmoja awe na tuta lake la kuwalea."

Jumbe alielezwa jioni ileile. Kwanza alikataa. Kisha akamtazama binti yake. Kisha akakataa kidogo tu. Kesho yake asubuhi aliipiga ngoma, ti-ndi, ti-ndi, watu wakaja.

"Jamani," alisema, "vile vita tulishinda."

"Tulishinda!" waliitika.

"Tulishinda kupita kiasi. Sasa tunaomba suluhu."

Watu walicheka, wakadhani anatania. Alipowaeleza habari za nondo na maua, wengine walitikisa vichwa, wengine wakasema wataona. Moshi ukaendelea. Ndipo Mashavu akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Hodi. Karibu. Naomba mzime makumbi, naomba tuta moja. Huyu akakubali. Yule akasema atafikiri. Akafika nyumbani kwa Binti Kitwana, katikati ya kijiji, na Binti Kitwana alikuwa amevaa ile kanga yake.

"Mimi niwalishe viwavi? Mimi?"

"Mama, tafadhali."

"Nimepewa kanga kwa kuwaponda, leo niwapandie mboga? Si nitachekwa?"

"Mama, una mabinti wangapi?"

"Watatu, kwani hujui?"

"Nao wana vibuyu?"

Binti Kitwana aligeuka kuutazama wigo wake. Majani mengi, mumunye hakuna hata moja, na binti zake watatu wamesimama mlangoni wanamwangalia. Alichukua mtungi wa maji, akaenda kwenye rundo la makumbi lililokuwa tayari kwa jioni, akalimwagia lote. Kisha akachukua jembe.

Majirani walipomwona Binti Kitwana anainua tuta la viwavi, maneno yakawaishia. Jioni ile moshi haukupanda kijijini. Watu walikula bila kukohoa, na wengine walionja mchuzi wao vizuri kwa mara ya kwanza tangu vita.

Jumbe mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa Bi Siwatu kuchukua viwavi. Alijitwika kapu kichwani juu ya kilemba, akapita nyumba kwa nyumba, akigawa. "Shika hawa. Hawa wako. Usiwabane." Kiwavi mmoja alipanda kwenye kilemba, akakizunguka, akakaa mbele kabisa juu ya paji la uso. Kijiji kizima kilimwona na hakuna aliyemwambia.

Haya. Sasa ikabaki kungoja. Viwavi wakala, karu, karu, karu. Jumbe alisikia matembele yake yakiliwa akaziba masikio. Wakashiba, wakashuka, wakajifukia. Lakini na msimu nao ulikuwa unakwenda. Mimumunye ilianza kuchoka. Majani ya chini yakakauka. Mjumbe wa ng'ambo akaja tena. "Mama anasema mwezi ukiandama anakwenda kwa yule binti mwingine."

Mashavu alikaa mbele ya wigo kila jua likizama. Maua yakafunguka machache. Hakuna aliyekuja. Asubuhi, pu. Jioni nyingine, machache zaidi. Asubuhi, pu. Likabaki ua moja lenye kijimumunye nyuma yake, juu kabisa ya wigo, nalo lilikuwa bado limefumba.

Jioni ikafika. Mashavu amekaa. Mama yake amekaa. Jumbe amesimama, hataki kukaa. Na majirani, mmoja mmoja, wakaja wakasimama kimya. Binti Kitwana alikuja na binti zake. Bi Siwatu aliletwa akiwa ameshikwa mikono huku na huku. Ua likafunguka, jeupe. Wakangoja. Mtu akataka kukohoa, akazibwa mdomo.

Vrrrrr.

Hakuna aliyepumua. Nondo alikuja kutoka upande wa Binti Kitwana, akapita juu ya kilemba cha Jumbe, akasimama mbele ya lile ua. Akakunjua mrija. Akanywa, akaondoka zake.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa pale kabla ya jogoo kumaliza kuwika. Wakatazama chini ya wigo. Hapakuwa na kitu. Wakatazama juu. Kijimumunye kilikuwepo, kijani, kimeshika. Mashavu alikaa chini palepale kwenye umande, akalia na kucheka kwa pamoja, na mama yake akampigia vigelegele.

Kilikua, lakini hakikuwa kizuri. Kilikuwa kidogo, shingo imepinda, tumbo limeegemea upande. Jumbe alikilinda mchana kutwa na fimbo mkononi. Mjumbe wa ng'ambo alipokuja alionyeshwa, akakwenda kusema alichokiona, na mama yake Mbwana akangoja mpaka kikakauka. Siku ya harusi Mashavu na Mbwana walikunywa. Kwa ile shingo iliyopinda, nusu ya maji ilimwagika kwenye kanzu ya Mbwana. Mbwana hakujali hata kidogo.

Kisha bibi harusi akavushwa mto kupelekwa kwa mumewe. Mkono mmoja ameshika kibuyu. Mkono mwingine ameshika kikapu kilichofunikwa kawa. Mama mkwe alimpokea mlangoni, akakiona kikapu, na kwa haraka yake akakifunua.

Viwavi. Wanene, na vijipembe vyao.

Mama mkwe alikaa chini bila kutafuta kiti. "Mkwe wangu," alisema, "ndiyo zawadi hii?"

"Hawa, mama, ndio walionileta kwako," alisema Mashavu. "Nionyeshe mahali nipande marando."

Mama mkwe aliwatazama viwavi. Alikitazama kile kibuyu kilichopinda. Akamtazama mwanawe aliyesimama pale na kanzu iliyolowa, anatabasamu kama mtu asiye na akili. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na haraka.

"Nyuma ya jiko pana nafasi," alisema. "Ngoja nikuletee jembe."

Bi Siwatu aliishi miaka mingi baadaye, akawapokea watoto wa Mashavu, kisha Mungu akamchukua. Kijiji kililia, lakini tuta lake halikuota nyasi za ukiwa. Kila nyumba ililipalilia kwa zamu, na hakuna aliyechuma jani.

Nanyi mkienda kulima kwenu, acheni pembe moja ya shamba kwa ajili ya wasioweza kuja kuomba. Msingoje kwanza mjue kazi yao. Bi Siwatu hakuijua, akawapa nafasi, na kwa nafasi ile watu wakaoana.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Aliyeipenda aende nayo, asiyeipenda anisaidie kukunja mkeka.